Kiraka cha Sikio

"Kuanzia leo, Dhahabu, ulimi wako utie kufuli," Boga alimwambia dada yake huku akifunga vifungo vya shati. "Mwanarehema anafunguliwa bendeji. Atasikia."

Dhahabu aliinamisha macho. Mwenye kusema mengi hakuwa yeye, na wote wawili walilijua hilo.

Miaka kumi na mmoja Boga alikuwa amekaa na mke anayetoka usaha masikioni. Sharti umkabili uso kwa uso na kupaza sauti ndipo aitike. Kwa hiyo pale kwao Timbwani Boga alizoea kusema lolote, mkewe akiwa papo hapo akimmiminia chai. Kwamba alimwoa kumridhisha babake. Kwamba harufu ya masikio yake ilimkimbiza chumbani. Na mwaka ule mtoto wao alipofariki, alisema heri amekwenda mapema, asije akarithi uziwi wa mamake. Siku hiyo Mwanarehema alimwaga chai mkekani, na Boga akamkemea kwa uzembe.

Kisha madaktari wa masikio wakamwingiza katika utafiti wao. Walikuwa wakipima kipi kinaziba vyema ngoma ya sikio iliyotoboka, kiraka cha gegedu, ule mfupa laini wa sikio, au kiraka cha utando wa msuli. Mwanarehema alipata cha gegedu. Tangu alipotoka chumba cha upasuaji, kichwa chote kimefungwa bendeji, Boga hakuweza tena kumtazama machoni. Kila neno alilowahi kulitamka lilimrudia, likamchoma.

Kivukoni, wakielekea hospitali, alijipa moyo. Atakuwa mume mpya. Ya nyuma, alhamdulillahi, hakuyasikia.

Daktari Justus alifungua bendeji, akasimama nyuma ya Mwanarehema na kumnong'onezea sikio la kulia.

"Korosho."

"Korosho," Mwanarehema akarudia.

"Kisima."

"Kisima."

Boga alisogea. Akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo hakuwahi kuitumia kuzungumza naye. "Mke wangu, kuanzia leo hutasikia neno baya kutoka kwangu."

"Inshallah," alijibu Mwanarehema.

Boga akashusha pumzi. Macho yalimlowa, akayafuta kwa kiganja upesi.

Daktari alikuwa amekwisha kuinamia fomu zake. "Kiraka kimeshika vizuri. Sasa masikio yake yamelingana."

"Yamelingana vipi?" Boga aliuliza.

"La kushoto hatukuligusa. Tundu la ngoma yake lilijiziba lenyewe zamani, kovu lake lina miaka mingi. Siku ya kwanza kumpima, minong'ono yote aliirudia kwa sikio hilo, hakukosa hata neno moja."

Mwanarehema alijitanda leso kichwani, akaivuta mpaka kwenye paji la uso.

"Daktari," alisema taratibu, "si nilikuomba hayo usiyaseme?"