Hamsini na Kitu

Kinyozi aliingia kwenye foleni ya vitambulisho akiwa na miwani myeusi, kofia aliyoivuta mpaka masikioni na koti la kuazima. Hakutaka ajulikane. Wa kwanza kumjua alikuwa askari wa mlangoni.

"Shikamoo, mzee! Wazee hawapangi foleni, pita mbele."

"Mzee baba yako," Kinyozi alimjibu, akabaki juani nyuma ya vijana.

Aibu haikuwa ya shikamoo peke yake. Mtaa mzima ulimjua kuwa adui namba moja wa kitambulisho cha taifa. Tangu sheria itangazwe, mkasi wake ulifanya kazi nusu, ulimi ukafanya ya ziada. "Leo wanataka kidole, kesho watataka kujua umelalia ubavu gani!" aliwaambia wateja. "Mtu huru ana haki ya kuwa na jambo lake ambalo serikali hailijui." Mwalimu mmoja alijaribu kumweleza kwamba kadi ile ingewasaidia watu kupata matibabu na haki zao. Alitoka dukani kanyolewa kisogo upande mmoja tu.

Hotuba zilikuwa nzuri, na baadhi yake zilikuwa za kweli. Lakini jioni, akibaki peke yake mbele ya kioo akijipaka piko ili mvi zake ziwe nyeusi, Kinyozi alijitazama akajicheka. Mpigania uhuru gani huyu? Wenzake walipigania nchi, yeye anapigania chupa ya piko.

Maana jambo lake lenyewe lilikuwa umri. Wala hakuwa akiiogopa serikali. Alikuwa akimwogopa Fundi Cherehani.

Huyo alikuwa na kibanda ng'ambo ya barabara, mjane kama Kinyozi alivyokuwa mgane, mwenye kicheko kilichomfanya Kinyozi akate masikio ya watu. Walipoanza mazungumzo ya maana, alimuuliza Kinyozi ana miaka mingapi.

"Hamsini na kitu," Kinyozi alisema. Kitu chenyewe kilikuwa kumi na mbili.

"Mimi arobaini na kitu," alisema Fundi Cherehani, na tangu siku hiyo Kinyozi akawa anamwita mtoto. Mtoto, umeamkaje? Mtoto, umekula? Naye huinamia cherehani yake na kutabasamu.

Katika vita vya kitambulisho Kinyozi hakuwa na mfuasi mwaminifu kumshinda yeye. Kila hotuba ilipopamba moto, cherehani ilinyamaza ng'ambo na makofi yakasikika. "Sema, kaka! Wamuulize mtu jina, yatosha. Mengine ya nini?" Kinyozi alivimba kichwa siku nzima.

Kisha wakakubaliana kuoana, na msajili wa ndoa akawaambia neno moja: bila vitambulisho, hakuna ndoa.

Kinyozi alimpenda yule mwanamke, hilo halikuwa na mzaha. Nyumba yake ilikuwa kimya tangu mkewe afariki, na alikuwa amechoka kupikia sahani moja. Akijua nimemdanganya, alijiambia, ataniacha na piko langu.

Basi Fundi Cherehani aliposema kesho yake anakwenda mjini kununua vifungo, Kinyozi aliona mlango umefunguka. Naye akasema anakwenda kutafuta mashine mpya ya kunyolea. Atachukua kadi yake kimyakimya, siku ya ndoa atamwonyesha msajili huku kidole gumba kikifunika mwaka.

Ndivyo alivyojikuta juani na koti la watu. Mbele yake walikuwamo wateja wake kadhaa, wale walioapa pamoja naye, kila mmoja akidai amemsindikiza mwenzake. Huko mlangoni askari alimwamkia mwingine kwa shikamoo ileile, akajibiwa kwa msonyo.

Kinyozi alikuwa ameshafika dirishani, ameshatiwa wino vidole vyote, aliposikia nyuma yake kikohozi anachokijua. Fundi Cherehani alikuwa amekumbatia mkoba, mtandio umemfunika nusu ya uso.

Amenifuata, aliwaza Kinyozi. Nimefumaniwa.

"Kaka," yule mama alisema taratibu. "Si ulikwenda kutafuta mashine?"

Kabla hajajibu, karani, ambaye alihakiki habari za watu kwa sauti ya mnadani, alisoma jina la Kinyozi, la baba yake, kisha mwaka wa kuzaliwa. "Sitini na miwili! Mzee wangu, mbona umejitesa na foleni ya vijana?"

Foleni nzima iligeuka. Kinyozi alivua miwani, haikuwa na kazi tena. Fundi Cherehani alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Masikini, analia.

"Nisamehe," Kinyozi alimwambia. "Zile kelele zote za uhuru, nilikuwa naogopa kukukosa, basi. Ukitaka tuvunje, sitakulaumu. Mwanamke wa umri wako hafai kutwishwa mzee."

"Ngoja kwanza niitwe," alisema Fundi Cherehani bila kuinua uso.

Akaitwa. Karani akasoma jina lake, la baba yake, na mwaka wake, kwa sauti ileile ya mnadani.

Kinyozi alianza kukihesabu kile kitu cha juu ya arobaini kwa vidole vyake vyenye wino. Vidole vikaisha. Akavirudia, vikaisha tena. Alipoanza mara ya tatu, aliacha kuhesabu, akavua kofia.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mtoto."