Kikombe cha Kwanza

Miaka hiyo, mtafiti akitangaza kwamba maji ya ziwa ni salama, mwanawe ndiye aliyekunywa kikombe cha kwanza hadharani. Nyanjige, aliyesomea uzamivu kuhusu mwani wa sumu uliozidi kadiri ziwa lilivyopata joto, alipima, akarudia kupima. Sumu ilikuwa imekwisha.

Mumewe akamletea binti yao, Limi.

"Una hakika?"

"Ninayo."

"Haya, mnyweshe."

Nyanjige akachota maji ya ziwa, akakisogeza kikombe mdomoni mwa Limi. Kisha akayamwaga maji yale, akawageukia majirani waliopanga ndoo tangu alfajiri.

"Bado yana sumu," alisema.

Hakuna aliyembishia. Mama Kabula, ambaye mjukuu wake alikuwa hoi kwa kiu, alimshika mkono.

"Ahsante, mwanangu. Umetuokoa."

Kisha akajitwisha ndoo yake tupu, akaondoka.