Kipuli cha Tumpe

Miaka hiyo kila kijana alivaa kipuli cha serikali sikioni. Akili yake ikiwa shwari, kipuli kiliwaka kijani. Ikianza kuyumba, kiligeuka manjano, na kikishinda na rangi hiyo mpaka jioni, muuguzi alikuja nyumbani.

Cha Tumpe kiligeuka manjano asubuhi ya kipaimara chake. Mama yake, Atuganile, hakushangaa. Tangu mvua za kwanza binti alikuwa haogi mpaka abembelezwe, na mara mbili mama alimkuta akinong'ona na ukuta. Lakini wageni walikwisha kualikwa, na kanisa zima lingeona. Akakichomoa, akakivaa mwenyewe, akakifunika kwa kilemba. Akamvalisha Tumpe cha kioo cha kijani, cha sokoni.

"Sherehe ikiisha nitakurudishia, mwanangu."

Wageni wakala, wakapiga vigelegele, wakamsifu mama kwa malezi. Jioni muuguzi hakuja. Chini ya kilemba kipuli kiliwaka kijani kibichi, na Atuganile akawa wa kesho, kesho, asikirudishe.

Alhamisi, wakimenya ndizi, Tumpe alisema bila kuinua macho, "Mama, zile sauti za ukutani zinanicheka."

"Zinasemaje?"

"Zinasema zamani kipuli kilikuwa kinazisikia pamoja nami. Sasa nimebaki peke yangu."

Mkono wa Atuganile ukaenda kwenye kilemba. Hapo hapo jirani akabisha hodi, amekuja kutoa hongera.

Mkono ukashuka, ukaokota ndizi nyingine.