Tairi Baridi

Tairi la nyuma lilikuwa baridi, na mimi nilikuwa nimetoka kukanyaga baiskeli asubuhi nzima, nikijiona nimepona.

Baiskeli yenyewe haiendi popote. Imefungwa kwenye stendi pale sebuleni, tairi limekandamizwa kwenye rola, kigurudumu cha chuma chenye sumaku. Sumaku ndiyo inayoleta uzito, na tairi likisuguana na rola hupata moto. Uzito huo ndio uliotakiwa kuurudishia nguvu mguu wangu wa kushoto uliovunjika.

Niliinama nikaishika skrubu inayoibana rola kwenye tairi. Ilikuwa inacheza kama jino bovu.

"Mama watoto, nani kagusa hii?"

Mke wangu aliendelea kukunja nguo. "Mimi. Nimekuwa nailegeza kidogo kidogo."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unashuka hapo unalia, baba. Nilitaka upate moyo."

"Na nilipokuwa najisifu?"

"Nilishindwa kusema."

Nikaikaza skrubu, nikapanda. Mguu wa kushoto ulisukuma pedali mara moja, ukatetemeka, ukakataa.

Kesho bosi wangu anataka kuniona nikikanyaga klachi ya lori, ndipo anirudishie kazi ya udereva. Mazoezi yote yamekwenda bure, kazi imekwenda, na sasa anayelia ni mke wangu.