Kigoda cha Tatu

Siku hizi mgonjwa wa akili aliyeua hapimwi tena ofisini kwa daktari. Hospitali humjengea chumba kama cha kwao na kumhoji humo kwa lugha yake, ili asionewe kwa ugeni wake.

Chumba cha Senkoro kilijengwa kwa maelezo ya mama yake, Nakijwa. Alitaja kila kitu, hata ufa wa ukutani anamopita mjusi. Kigoda cha Mbonea hakukitaja. Mbonea alikuwa mwanawe wa mwisho, na Senkoro ndiye aliyemuua. Nakijwa alimwonea Senkoro huruma, hakutaka akumbushwe.

Madaktari walipomuuliza ni akina nani wanaishi humo, Senkoro alijibu kwa utulivu, "Mimi na mama." Wakaridhika kwamba sasa anajua Mbonea hayupo tena, wakamruhusu arudi nyumbani.

Leo amerudi. Nakijwa amepakua makande. Senkoro anaviangalia vigoda vitatu, uso unamchangamka.

"Mama, kumbe kigoda cha Mbonea kipo! Kule hakikuwepo, nikadhani niliota tu kwamba nina mdogo wangu."

Laiti Nakijwa angekitaja kigoda hicho, haya yangesemwa kule, mbele ya madaktari.

"Kula, mwanangu. Chakula kinapoa."

Senkoro anakifunika chakula kwa sahani.

"Hapana, mama. Tumngoje kwanza."