Fungu la Ofisi ya Wakaguzi

Wasila alizikataa fedha za ofisi yake mbele ya kamati nzima ya bunge, pale Tunis.

Kwa miaka minne alikuwa mkaguzi wa usalama katika shirika la reli, akimwomba hata mafuta ya gari mkurugenzi yuleyule ambaye kazi zake alitakiwa kuzikagua. Kila alipoandika kwamba breki za mabehewa zimechoka, mafuta yalikosekana.

"Dada yangu, fungu si umepewa?" mwenyekiti alishangaa. "Litapitia kwa mkurugenzi tu. Kuna ubaya gani?"

"Mheshimiwa, mbwa anayelishwa na mwizi hambwekei mwizi. Litoke hapa bungeni moja kwa moja, au msitupe kabisa."

Mkurugenzi, aliyeketi safu ya nyuma, alicheka. "Utakosa vyote, binti. Utatukagua kwa miguu?"

"Miguu ninayo."

Mwenyekiti akaitisha kura. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa mbunge mmoja mama mtu mzima, vidole vyake vikiwa na hina iliyofifia, bangili ikateleza hadi kwenye kiwiko. Wasila aliukazia macho mkono huo tu, akiogopa kutazama kwingine. Kisha akasikia viti vikilia huku na huku. Alipogeuka, mikono kumi na miwili kati ya kumi na mitano ilikuwa juu.

"Limepita," mwenyekiti alisema, "na halitapitia kwa mtu."

Mama yule akapiga vigelegele mumo humo ukumbini. Machozi yalimtoka Wasila, akayaacha yatiririke, akamwendea mkurugenzi na kumnyooshea kiganja.

"Naomba funguo za karakana, bwana. Naanza leo."

Mkurugenzi akaanza kujipapasa mifukoni.