Utani wa Nguchiro

Nguchiro, mcheshi wa makamo aliyezurura misitu saba, alibonyeza simu sivyo. Utani aliomtungia Kanga, "Jike likishika zamu, Mwewe atakaribishwa chai," haukwenda kwa rafiki yake Ngiri. Ulitua kwenye kundi la simu la msitu mzima, Kanga mwenyewe akiwemo. Kanga alikuwa akigombea ulinzi wa msitu, kazi ya madume tangu zamani.

Nguchiro aliufuta mbio mbio, lakini ulishasambazwa. Vicheko vikamiminika, kisha vikakoma. Ngiri akaandika, "Tumnyonyoe Kanga manyoya." Mwingine akauliza, "Analala wapi?" Wa tatu akajibu, "Mti wake naujua." Nguchiro akaiweka simu kando.

Mara vijana wakabisha hodi kwake, Digidigi akiwa mbele. "Mjomba, Kanga anatetemeka, anataka kujitoa. Sisi tunakwenda kulala kwake tumlinde. Wewe andika palepale kwenye kundi, kwa jina lako, kwamba umekosea na kazi anaiweza."

"Mwanangu, ulikuwa utani tu! Nikiandika hivyo, si watanigeukia na mimi?"

Digidigi akamsogezea simu. "Basi mtakuwa wawili."